Kirai kimoja, majina matatu: nimjibu nini mwanafunzi wangu?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina miaka 28. Nina cheti cha ualimu, na miaka minne ya mwanzo nilifundisha Hisabati na Sayansi kijijini, upande wa Bahi, kwa Kiswahili. Mwaka huu nimepata kazi katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza huku mjini. Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la sita alipoondoka katikati ya muhula, vipindi vyake nikapewa mimi. Sikukataa. Nina mtoto na nina kodi ya nyumba, nikajiambia Kiingereza nilichotoka nacho sekondari kitanivusha.

Jumanne ya wiki iliyopita somo lilikuwa 'phrases', yaani virai, yale makundi ya maneno ndani ya sentensi. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimewafundisha kwamba 'in the morning', 'in the house' na 'in the evening' ni 'adverb phrases', na zoezi walilipata wote. Siku hiyo nikaandika ubaoni: 'The girl in the red dress is my sister.' Nikapigia mstari 'in the red dress', nikauliza ni 'phrase' ya aina gani. Binti mmoja wa dawati la mbele, mtoto mpole ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akasimama akasema, 'Adjective phrase, teacher.' Nikamwambia hapana, ni 'adverb phrase', kwa sababu inaanza na 'in'. Akasema, 'But teacher, it is telling us which girl.' Darasa likanyamaza. Nikahisi joto linanipanda shingoni, nikamwambia kwa sauti ambayo siitambui kuwa yangu, 'Sit down. I am the teacher.' Akakaa. Akachukua rula yake akawa anaipitisha ukingoni mwa dawati, taratibu, kwenda na kurudi, mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo mkono wake sijauona juu tena.

Usiku nikafungua vitabu viwili nilivyoachiwa. Cha kwanza kinasema 'in the red dress' ni 'adjective phrase', kama alivyosema mtoto. Cha pili kinasema maneno ya namna hiyo ni 'prepositional phrase'. Cha kwanza kina aina nane za 'phrases', cha pili kina tano. Mwanangu amelala, upepo unagonga dirisha, na mimi nasoma ukurasa uleule mara ya nne.

Mwalimu, nani kati yetu yuko sahihi? Aina ni ngapi hasa? Nifundisheje jambo ambalo mimi mwenyewe linaniteleza? Na yule mtoto nimwambie nini, bila darasa zima kunidharau?

Nina jambo dogo la mwisho. Kwenye daftari la binti huyohuyo nimekuta sentensi hii: 'Running to school, the bell rang.' Nimeiwekea tiki, lakini roho haijatulia.

Mwalimu wa Ipagala, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku huo.

Nianze na jibu ulilolikeshea: binti yako alikuwa sahihi, na kitabu cha pili nacho kiko sahihi. Sentensi uliyoandika ubaoni ilikuwa nzuri, swali lilikuwa zuri, na sababu aliyoitoa mtoto, kwamba maneno yale yanatuambia ni msichana yupi, ndiyo sababu ambayo mtaalamu wa sarufi angekupa. Kosa lilikuwa kuliachia neno moja la mwanzo, 'in', liamue kila kitu. Katika 'We sweep the yard in the morning', kweli 'in the morning' inafanya kazi ya kielezi, na ulifundisha vema. Inaifanya kazi hiyo kwa kuwa inaeleza tunafagia lini. Kuanza na 'in' hakuhusiki.

Sasa hayo majina matatu. Mfikirie kijana wa bodaboda anayekupeleka kazini. Kwao ana ukoo. Alizaliwa nao na hauwezi kumtoka. Barabarani ni dereva. Jumapili ukimkuta kanisani ni mpiga kinanda wa kwaya. Mtu akikuuliza huyu ni nani, waweza kumtaja kwa ukoo wake au kwa kazi anayoifanya saa hiyo, na yote mawili ni kweli. 'In the red dress' kwa ukoo ni 'prepositional phrase', yaani kirai kihusishi, kwa sababu kimejengwa na kihusishi 'in' pamoja na kirai nomino kinachokifuata. Ukoo huo hakiubadilishi popote utakapokiweka. Kinachobadilika ni kazi. Kikikaa nyuma ya 'the girl' na kutuchagulia msichana, kinafanya kazi ya kivumishi. Ukisema 'She came in the red dress', kimehama, sasa kinaeleza alikujaje, na hapo ni kazi ya kielezi.

Kitabu chako cha kwanza kinataja virai kwa kazi, kama zilivyofanya sarufi nyingi za shule za zamani. Cha pili kinataja kwa ukoo, kama wafanyavyo wanaisimu wa leo. Wala havigombani. Tatizo ni kwamba jina 'adjective phrase' linatumika pande zote mbili kwa maana mbili. Anayetaja kwa kazi hulitumia kwa kundi lolote la maneno linaloeleza nomino. Anayetaja kwa ukoo hulitumia tu pale ambapo neno kuu lenyewe ni kivumishi: 'very tired', 'afraid of dogs', 'proud of her daughter'. Vivyo hivyo 'adverb phrase' kwa ukoo ni kama 'very slowly' au 'quite often'. Mwalimu asipoambiwa hivyo, atasoma vitabu kumi na kuzidi kuchanganyikiwa. Nakwambia leo ili usipoteze usiku mwingine.

Halafu unacho kipimo ambacho mtoto aliyezaliwa London hana, nacho ni Kiswahili chako. Chukua maneno 'on the table'. 'The books on the table are mine': 'Vitabu vilivyo mezani ni vyangu.' Kisha 'Put the books on the table': 'Weka vitabu mezani.' Katika Kiingereza ni maneno matatu yaleyale, hakuna herufi iliyoongezwa. Kiswahili kimekulazimisha kuchagua. Mara ya kwanza umetaka 'vilivyo' ili meza ifungamane na vitabu. Mara ya pili 'mezani' imesimama yenyewe na kuambatana na kitendo cha kuweka. Kwa hiyo ukitafsiri ukajikuta unahitaji 'vilivyo', 'aliyevaa', 'mwenye' au 'ya', kirai kinafanya kazi ya kivumishi. Ukibaki na 'mezani', 'asubuhi' au 'kwa haraka' tupu, ni kazi ya kielezi. 'The girl in the red dress' kwa lugha yetu ni 'msichana aliyevaa gauni jekundu', au 'mwenye gauni jekundu'. Jaribu kuisema bila 'aliyevaa' wala 'mwenye' uone kama itakaa.

Wape na hii, wataipenda: 'The watchman saw the boy with a torch.' Waulize tochi ilikuwa mkononi mwa nani. Darasa litagawanyika, na pande zote mbili zitakuwa na haki. Kisha waambie waseme kwa Kiswahili. Wa kwanza atasema, 'Mlinzi alimwona kijana kwa tochi.' Mwingine atasema, 'Mlinzi alimwona kijana mwenye tochi.' Hapo mtoto anaona kwa macho yake kwamba 'with a torch' ni ukoo mmoja wenye kazi mbili, na kwamba ukikosea kazi yake umebadilisha habari nzima. Najua shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza hazitaki Kiswahili kisikike darasani. Zungumza na mwalimu mkuu, mwombe dakika tano kwa wiki za kulinganisha lugha mbili. Mimi naamini kumnyima mtoto lugha anayoijua wakati wa kumfundisha asiyoijua ni kumfungia mlango ambao ufunguo wake tayari anao.

Jambo la pili, neno kuu. Hili ulishalisoma sekondari kwenye somo la Kiswahili, mada ya tungo: neno, kirai, kishazi, sentensi. Kumbuka kirai nomino, kirai kitenzi, kirai kivumishi, kirai kielezi, kirai kihusishi. Aina tano za kitabu chako cha pili ni hizohizo. Kila kirai kina neno kuu linalokipa ukoo, na mengine yote ni wafuasi. Wala hulazimiki kuwa na maneno mengi: katika 'Birds fly', wanaisimu watakwambia 'birds' peke yake ni kirai nomino. Darasa la sita waambie ni kundi la maneno; hilo la neno moja watakutana nalo mbele ya safari.

Ukipita Soko la Majengo ukasikia mtu analalamika, 'Bei ya zabibu imepanda,' sikiliza kitenzi chake. Hasemi 'zimepanda', ingawa neno lililo jirani na kitenzi ni zabibu. Anasema 'imepanda', kwa sababu kilichopanda ni bei. Na gunia la vitunguu likipasuka, hata mtoto wa miaka mitatu atasema 'limepasuka'. Hajafundishwa na mtu. Sikio lake limeshalijua neno kuu. Mtoto huyohuyo akifika kwenye Kiingereza anaandika 'The price of grapes are high', maana 'grapes' iko karibu na inamvuta.

Hapa nina jambo langu la kukueleza. Mwaka wangu wa pili kazini, nikifundisha upande wa Kongwa, kijana mmoja aliandika 'The price of onions is high.' Nikachukua kalamu nyekundu nikakata 'is', nikaandika 'are'. Niligundua wiki mbili baadaye kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nikanyamaza, nikajiambia ni neno moja tu, litapita. Mtihani wa mwisho wa muhula ulipofika, nikasahihisha karatasi yake nikakuta ameandika 'The colour of the flowers are red.' Nilikuwa nimemfundisha mimi. Aliniamini, akabeba kosa langu kama lilivyo. Kijana huyo alihama kabla sijapata ujasiri wa kumwambia, na mpaka leo karatasi ile naiona.

Kwa hiyo wafundishe kulitafuta neno kuu kwa mkono. Wape kirai nomino kirefu: 'the tired passengers on the evening train from Dar es Salaam'. Waambie wakate kuanzia kihusishi cha kwanza, hapa ni 'on', waweke kando vyote vinavyofuata. Kinabaki 'the tired passengers'. Neno la mwisho katika kilichobaki, 'passengers', ndilo neno kuu. Basi ni 'are', hata kama 'train' na 'Dar es Salaam' ni vitu vimoja vimoja. Njia hii haitakufaa kwa kila kirai duniani, lakini kwa vya darasa la sita itakufikisha.

Watoto wetu hupotea hapo kwa sababu nyingine pia. Sisi jina hutangulia: 'vyungu vyangu vitatu vikubwa vya udongo'. Mtu akitaja chungu mwanzoni, vinavyofuata vyote vinakipamba. Kigogo cha bibi zetu nacho kiko hivyo. Kiingereza kinatanguliza mapambo: 'my three big clay pots'. Mtoto anasikia 'my', anasikia 'three', anasikia 'big', anasikia 'clay', na bado hajaambiwa ni nini. Anakata tamaa, anashika la kwanza lenye sura ya jina, 'clay'. Mwambie avumilie mpaka 'pots'.

Kirai kitenzi ndicho kitakachokuchukulia vipindi vingi zaidi, na kipe vipindi hivyo. Andika ubaoni neno moja: 'Hatutawasomea.' Chini yake andika: 'We will not read to them.' Neno moja, maneno sita. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mtenda, kukanusha, wakati, mtendewa na kitendo ndani ya gunia moja. Kiingereza kimevimwaga chini na kuvipanga foleni. Mtoto anayekutana na 'The baby must have been sleeping' anaona vitenzi vinne, anadhani ni matukio manne. Ni kirai kitenzi kimoja. Neno kuu ni 'sleeping', lipo mwisho. Vilivyotangulia ni vitenzi visaidizi. Na foleni ina utaratibu wake: kila kilicho mbele kinaamua sura ya anayekifuata. Baada ya 'must' huja 'have' isiyobadilishwa. 'Have' inadai 'been'. 'Been' hapa inadai '-ing'. Mtoto akiuelewa mnyororo huo, hataandika 'must has been' wala 'have been sleep', kwa sababu atajua nani anamdai nani.

Tahadhari ndogo: kuna vitabu vinavyoita 'verb phrase' hivyo vitenzi tu, na kuna vinavyojumuisha na kinachofuata. Kwenye 'She is selling grapes', vya kwanza vitasema 'is selling', vya pili vitasema 'is selling grapes'. Ulipochora matawi ya sentensi sekondari, KN (kirai nomino) upande wa kushoto na KT (kirai kitenzi) upande wa kulia, ulikuwa unatumia njia hiyo ya pili. Fuata kitabu cha shule yako, ila wewe mwenyewe ujue zote.

Uliuliza aina ni ngapi hasa, maana kitabu kimoja kina nane na kingine tano. Cha kwanza kimeongeza virai vinavyojengwa juu ya kitenzi kisichobeba wakati: 'gerund phrase', 'participle phrase', 'infinitive phrase'. Wanaisimu wengi wa leo wangeviita vishazi, ingawa kitenzi chake hakibebi wakati, na ndiyo maana cha pili hakivihesabu. Kwa shule ya msingi viite virai kama kitabu kinavyoviita.

Hapa pia Kiswahili kitakubeba. 'Washing clothes takes time.' 'Washing clothes, she sang softly.' 'Washing clothes' ya kwanza na ya pili hazina tofauti hata ya nukta, na watoto huzichanganya mpaka sekondari. Zitafsiri. Ya kwanza: 'Kufua nguo kunachukua muda.' Umesema 'kufua', kitenzi-jina, kimekaa mahali pa nomino. Hiyo ni 'gerund phrase'. Ya pili: 'Akifua nguo, aliimba taratibu.' Umesema 'akifua', na hakuna Mswahili atakayesema 'kufua nguo, aliimba'. Hiyo ni 'participle phrase'. Ipo na ya kitenzi cha kutendwa: katika 'The University of Dodoma, established in 2007, has many students', kile kirai cha katikati kinakuja kwetu kama 'kilichoanzishwa mwaka 2007', kikiwa na 'kilicho' inayokifunga kwa chuo kikuu. Na 'to' ya 'infinitive' itafute kwa 'ku': 'She went to fetch water' ni 'alikwenda kuteka maji', kielezi, tumeambiwa alikwenda kwa sababu gani. 'Water to drink' ni 'maji ya kunywa', kivumishi. Ile 'ya' imekuja tena. 'To fetch water is hard work' ni 'kuteka maji ni kazi ngumu', nomino.

Vitabu vingine huongeza 'appositive phrase', kama 'the capital of Tanzania' katika 'Dodoma, the capital of Tanzania, became a city in 2018', ambacho ni nomino inayotaja jambo lilelile mara ya pili, na 'absolute phrase' ya 'The rain having stopped, we walked home', ambacho ningekiacha kabisa kwa umri wao.

Kitu kimoja usikiache: mpaka kati ya kirai na kishazi. 'After the rain' ni kirai. 'After the rain stopped' ni kishazi, kwa sababu mvua imepata kitenzi chake chenye wakati, kiima na kiarifu vimekutana. 'After', 'before', 'until' na 'since' hukaa pande zote mbili, kwa hiyo ukiwafundisha tena kutazama neno la mwanzo utawarudisha palepale ulipoteleza wewe. Watazame kama ndani mna mtenda na kitenzi chake.

Kuhusu mtihani, waambie wasome swali linataka nini. Likiuliza kazi ya kirai katika sentensi, wataje kazi. Likiuliza aina, wafuate mtindo wa kitabu cha shule na mitihani iliyopita ambayo mwalimu mkuu anaihifadhi. Kaa na mitihani hiyo jioni moja, uone maswali yanavyoulizwa, kabla hujaamua utasisitiza upande upi.

Namna ya kufundisha: tafuta boksi la katoni dukani, likate vipande virefu kama rula. Kimoja andika 'the girl', kingine 'in the red dress', kingine 'is my sister', kingine 'came', kingine 'in the morning', kwa maka nene inayoonekana hadi dawati la nyuma. Waite watoto wavishike mbele ya darasa, wajipange. Kisha mwambie aliyeshika 'in the morning' atoke mwisho aende mwanzo wa sentensi. 'In the morning the girl came.' Imekubali. Sasa mwambie aliyeshika 'in the red dress' amwache 'the girl', aende mwisho kabisa. 'The girl is my sister in the red dress.' Utaona nyuso zao. Anayefanya kazi ya kivumishi hamwachi jina lake. Anayefanya kazi ya kielezi mara nyingi hutembea. Mtoto akishatembea mwenyewe na kipande cha boksi mkononi, huna haja ya kumkaririsha.

Nimebakiza binti yako. Tumelelewa kwamba mkubwa haombi radhi kwa mtoto, nami nimelelewa hivyo, na kwa ajili hiyo nilinyamaza Kongwa. Usifanye kama mimi. Usimwite mbele ghafla, maana mtoto mpole akiitwa mbele anadhani ameitwa kuadhibiwa. Jumatatu asubuhi, kabla ya mstarini, mpitie dawatini. Mwambie kwa Kiswahili, kwa sauti yako ya kila siku: 'Jumanne ile ulikuwa sahihi, mimi nilikosea, na nilikukalisha vibaya. Nisamehe. Nitawaambia na wenzako. Ungependa kuwaeleza wewe, au nieleze mimi?' Akitikisa kichwa, mwache. Kipindi kikianza, andika ubaoni sentensi ileile, pigia mstari maneno yaleyale, useme: 'Last week I said this was an adverb phrase. I was wrong.' Mtaje kwa jina, sema sababu aliyoitoa, neno kwa neno: 'It is telling us which girl.' Halafu gawa vile vipande vya boksi, kazi iendelee. Usirefushe. Watoto wa darasa la sita wanajua mwalimu wao alikosea. Wengine walishaulizana uwanjani. Wanachongojea kuona ni utafanya nini.

Na ile tiki. Roho yako ilikuwa na haki ya kutotulia. Mtoto amefikiri kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili amefikiri sawasawa: 'Nikikimbia kwenda shule, kengele ililia.' Ile 'ni' ya 'nikikimbia' imeshasema nani anakimbia, kwa hiyo kengele haina lawama. 'Running' haina 'ni'. Haina mtenda ndani yake, na msomaji wa Kiingereza humtafuta mtenda mara tu baada ya koma, anamkuta 'the bell'. Kengele ndiyo iliyokimbia. Sentensi inaweza kuwa 'Running to school, I heard the bell ring', au akigeuze kirai kuwa kishazi: 'As I was running to school, the bell rang.' Lakini usimwandikie. Futa tiki, pigia mstari 'Running', na pembeni uandike maneno matatu tu: 'Who was running?' Kisha mrudishie daftari mkononi, na usubiri.